Dawa za kikohozi kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda au dawa ya sonona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara dirishani

Kipupwe kikiingia Dar es Salaam, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, kila foleni ya famasi ina mtu anayekohoa. Anafika dirishani, anasema, "Nipe dawa ya kikohozi, ile nzuri." Anaulizwa kama ni kikavu au kina makohozi, anajibu, analipa, anaondoka. Dawa anazokunywa kila siku nyumbani hazitajwi. Muuzaji hakuuliza, na mteja hakuona sababu ya kusema, maana amekuja kwa ajili ya kifua tu.

Majibu haya yameandikwa na mfamasia kwa ajili ya watu wa makundi mawili ambao ukimya huo unaweza kuwaumiza: wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wanaotumia dawa za sonona. Yatakusaidia kujua cha kuuliza. Kuhusu dozi yako mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Kikohozi tu, kwa nini dawa yake igombane na dawa nyingine?

Kwa sababu chupa moja ya dawa ya kikohozi mara nyingi ni dawa tatu au nne zilizochanganywa. Kuna ya kutuliza kukohoa, ya kulegeza makohozi, ya chafya na mafua, ya kuzibua pua, na kwenye vidonge vya mafua huongezwa ya homa na maumivu. Wewe unaona jina moja mbele ya boksi. Ini linapokea viungo vyote, na linavivunja kwa vimeng'enya vilevile vinavyovunja dawa zako za kila siku. Dawa moja ikivishika vimeng'enya hivyo, nyingine hubaki kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Kuna pia mgongano wa namna nyingine, pale dawa mbili zinaposukuma upande mmoja: mbili za kusinzisha, mbili za kupandisha presha, mbili za kuzuia damu isigande.

Majina ya biashara hayakusaidii hapa. Chukua Benylin: ipo chupa yenye difenhidramini, ipo yenye dekstromethofani, ipo yenye guaifenesini, na zote zinaitwa Benylin. Mtu akisema "mimi Benylin hainidhuru", sijui anazungumzia ipi. Ndiyo maana hapa nataja zaidi viungo. Geuza boksi usome maandishi madogo ya nyuma. Kama macho hayafiki, mwombe muuzaji akusomee; hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Nilipewa "dawa ya damu" kliniki lakini sijui jina. Nitajuaje iko kundi gani?

Njoo na boksi, au lipige picha kwa simu. "Dawa ya damu" dirishani inaweza kuwa vidonge vya kuongeza damu, vya presha, au vya kuzuia damu kuganda, na kila kimoja kina habari zake.

Za kuzuia damu kuganda tunazokutana nazo sana ni warfarini, ambayo mtumiaji wake hupimwa INR mara kwa mara, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Rivaroksabani na apiksabani, ambazo ni mpya zaidi na hazihitaji kipimo hicho. Pamoja na aspirini ya dozi ndogo ya miligramu 75 au 100 na klopidogreli, ambazo huzuia chembe sahani za damu, zile zinazoziba jeraha, zisishikane. Mwenye vali ya moyo ya chuma hapewi zile mpya, hubaki na warfarini. Kwetu hao si wazee peke yao. Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo tangu utotoni, kwa hiyo utakuta binti wa miaka 20 na ushee anatoka kliniki ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na daftari lake la INR mkononi.

Natumia warfarini na nina kikohozi. Ninywe nini?

Viungo vingi vinavyotibu kikohozi chenyewe havigusi warfarini kwa kiasi cha kutia hofu. Guaifenesini, bromheksini na ambroksoli za kulegeza makohozi, hata dekstromethofani ya kikohozi kikavu, hazijulikani kwa kuvuruga INR. Mwenye vidonda vya tumbo aseme kabla ya kupewa bromheksini au ambroksoli.

Hatari iko kwenye kilichoongezwa pembeni: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Hivi hujificha kwenye vidonge na pakiti za unga za "mafua, homa na maumivu ya mwili". Warfarini inachelewesha damu kuganda. Aspirini inazilemaza chembe sahani na wakati huohuo inachubua ukuta wa tumbo. Vikikutana, tumbo linaweza kuvuja damu polepole bila maumivu makali. Na hapa ndipo watu wanapodanganyika: INR inaweza kusoma 2.5, katikati kabisa ya lengo la 2 hadi 3 walilopewa wagonjwa wengi, huku damu inavuja, kwa sababu kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu chembe sahani. Ukiona choo cheusi kama lami, usikitazame cheti cha INR ukajituliza.

Lipo pia jambo ambalo halihusiani na dawa ya kikohozi hata kidogo. Ugonjwa wenyewe unapandisha INR. Ukilala siku tatu nne na homa, chakula hakipiti, mboga huli, mwili unaishiwa vitamini K na homa inamaliza haraka protini za kugandisha damu. Warfarini ileile, dozi ileile, inakuwa kali. Kwa hiyo ukiugua mafua ya kukulaza kitandani, kapime INR mapema, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa wanaotumia rivaroksabani au apiksabani onyo la aspirini na wenzake ni lilelile, na kwao hakuna hata kipimo cha kawaida cha kuwashtua.

Panadol je? Si ndiyo salama kuliko zote?

Ndiyo tunayoichagua kwa homa na maumivu, lakini salama yake ina mpaka. Kidonge kimoja kimoja cha parasetamoli kwa siku moja au mbili hakina neno. Ukizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na ukaendelea hivyo siku kadhaa, INR hupanda kwa watu wengi. Hili limethibitika vizuri, na bado naliona halisemwi dirishani.

Angalia na kuhesabu mara mbili. Unakunywa Panadol asubuhi, mchana unachanganya pakiti ya mafua yenye parasetamoli, usiku unameza kidonge cha "flu" chenye parasetamoli tena. Kila kimoja kinaonekana kidogo, lakini ukijumlisha umepita mpaka kabla ya kulala.

Ni kweli warfarini ni sumu ya panya?

Kweli, na si siri. Miaka ya 1930 utafiti wa Wisconsin, Marekani, ulifuatilia ng'ombe waliokuwa wanavuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyoharibika. Kutokana na kazi hiyo warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Rais Eisenhower aliitumia baada ya moyo wake kupata shambulio mwaka 1955. Panya anakula nyingi bila kipimo, wewe unakula kidogo kwa kipimo. Anayekutisha kwa habari hii ili uache dawa yako hakutakii mema, hata kama ni shemeji.

Nisipokunywa ya dukani, tangawizi, asali, limau na kitunguu saumu vinatosha?

Kwa kikohozi cha mafua ya kawaida, asali kwenye maji ya moto inatuliza koo vizuri, na haigombani na warfarini wala dawa za sonona. Mwenye kisukari ahesabu sukari yake, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Limau halina shida.

Tangawizi na kitunguu saumu vya kwenye chai na mchuzi ni chakula, endelea navyo. Nina wasiwasi na ile mitungi inayosagwa wakati wa magonjwa: vitunguu saumu vingi, tangawizi nyingi, manjano na mdalasini, glasi nzima asubuhi na jioni. Kwa kiasi hicho vinaweza kuongeza uvujaji wa damu kwa mtu wa warfarini, na hakuna anayejua glasi yako ina kiasi gani. Unga wa mlonge unavuta upande wa pili: una vitamini K nyingi, unaipunguza nguvu warfarini. Sikuambii uache mchicha wala kisamvu. Kula kama ulivyozoea; kinachovuruga ni kubadilisha ghafla, wiki hii bakuli la matembele kila siku, wiki ijayo hakuna hata jani.

Kupiga nyungu ni hewa ya moto tu, haiingii kwenye hesabu ya dawa. Tangu 2020 watu wa Dar wameipenda sana. Angalizo langu ni la kuungua, na kwa mzee mwenye presha au anayetumia amitriptilini (nitaieleza chini), kizunguzungu cha kuinuka ghafla chini ya blanketi la moto.

Dawa za kuchua kifuani zinaingia mwilini?

Baadhi zinaingia. Tafuta neno methyl salicylate kwenye kopo. Ni ndugu wa aspirini, na kuichua sehemu kubwa ya mwili mara kwa mara kumewahi kupandisha INR ya watu wanaotumia warfarini. Kidogo cha mentholi puani hakina tatizo.

Nimeshauriwa ninunue antibiotiki ya kifua. Inachanganyika na warfarini?

Swali la kwanza ni kama unaihitaji. Kikohozi kingi cha msimu huu kinatokana na virusi na antibiotiki haikigusi. Ila najua hali halisi: capsule zinauzwa kwa kuhesabiwa mkononi, na mtu anaondoka na siku mbili za dawa ya siku saba.

Kwa mtu wa warfarini, Septrin na Flagyl ndizo mbili ninazoziogopa zaidi. Zote mbili zinakizuia kimeng'enya kinachovunja sehemu kali ya warfarini, na INR inaweza kupaa ndani ya siku chache. Azithromaisini, erithromaisini na siprofloksasini nazo huipandisha kwa baadhi ya watu. Hata amoksilini haitakiwi kuanzwa bila kupanga siku ya kupima. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaiua nguvu ya warfarini kiasi kwamba dozi hulazimika kuongezwa sana. Hatari ya pili inakuja baada ya kumaliza dozi ya TB, pale rifampisini inapoondoka na ile warfarini iliyoongezwa inabaki juu. Rifampisini inazidhoofisha pia rivaroksabani na apiksabani, kwa hiyo madaktari wa pande zote mbili wanatakiwa kujua.

Mimi situmii dawa ya sonona. Natumia amitriptilini ya mishipa tu. Hii inanihusu?

Inakuhusu sana. Amitriptilini ni dawa ya zamani ya sonona ambayo leo huandikwa zaidi kwa ganzi na moto wa miguu wa kisukari, kipandauso, maumivu sugu ya mgongo na kukosa usingizi. Watu wanaimeza miaka mingi bila kuambiwa iko familia gani. Akiulizwa dirishani kama anatumia dawa ya sonona anajibu "hapana" kwa moyo mweupe. Ndiyo maana swali zuri ni "unakunywa dawa gani kila siku?" na jibu zuri ni boksi lenyewe.

Amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo, inasinzisha na inakimbiza moyo. Piriton, prometazini na difenhidramini, zile za chafya na mafua, zinafanya karibu mambo hayohayo. Ukiongeza juu yake dawa ya maji ya kikohozi yenye mojawapo ya hizo, unapata yote mara mbili. Kijana ataamka na kichwa kizito. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa usiku huohuo, akaishia kuwekewa mpira hospitalini kwa sababu ya chafya.

Mzee wangu amepita miaka 70, anatumia warfarini. Piriton ya usiku ina tatizo gani, mbona haigusi damu?

Haigusi damu, inamgusa mzee. Anaamka saa nane usiku kwenda msalani, kichwa kimelewa Piriton, umeme umekatika, anajikwaa kizingitini. Mtu asiyetumia warfarini angeamka na nundu. Anayetumia anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu kwa saa nyingi huku anasema yuko sawa. Aliyeanguka akagonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama anatembea na anaongea. Kwa mafua yake mpe maji ya chumvi ya puani na subira, kama inawezekana.

Natumia fluoksetini. Nimesikia dawa ya kikohozi yenye DM ni hatari. Kivipi?

DM ni dekstromethofani, dawa ya kutuliza kikohozi kikavu iliyoruhusiwa Marekani tangu 1958. Inafanya kazi kwenye ubongo, na miongoni mwa inayoyafanya ni kuongeza serotonini, kemikali ileile ambayo fluoksetini, sertralini, sitalopramu na venlafaksini zinaiongeza kwa makusudi ili kutibu sonona.

Fluoksetini ina la ziada. Inakizuia kwa nguvu kimeng'enya kinachovunja dekstromethofani. Kwa mtu wa kawaida nusu ya DM inaondoka mwilini ndani ya saa 2 hadi 4. Kwa anayetumia fluoksetini au paroksetini inakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kijiko cha mchana kinakutana na cha asubuhi bado kipo, na cha usiku kinavikuta vyote viwili.

Niseme ukweli wa mizani: watu wengi wamewahi kunywa kijiko cha DM huku wanatumia dawa hizi na hawakupata kitu. Kinachotisha ni dozi kubwa, kurudiarudia, na kuongeza kitu cha tatu kama tramadoli, dawa ya maumivu ambayo mitaani kwetu inapatikana kwa urahisi usiotakiwa. Hapo serotonini inaweza kuzidi kupita kiasi. Dalili huja haraka, mara nyingi ndani ya saa 24: kutotulia, jasho jingi, mikono kutetemeka, misuli kurukaruka au kukakamaa hasa miguuni, kuhara, moyo kwenda mbio, homa, kuchanganyikiwa. Huku kwetu mwenye homa na kutetemeka anapimwa malaria kwanza, na ni sawa apimwe, lakini mwambie daktari na ulichokunywa jana.

Ushauri wangu kwa wa fluoksetini ni mfupi: iache DM, ipo guaifenesini, ipo asali.

Kuna dawa ya sonona ambayo kwa DM ni marufuku kabisa?

Ipo familia ya zamani inayozuia kimeng'enya cha monoamini, kama fenelzini. Hizo na DM hazikutani, wala ndani ya siku 14 baada ya kuziacha. Ukali wa familia hiyo ulijulikana kwa wengi kupitia kifo cha Libby Zion, binti wa miaka 18, New York, Machi 1984: alikuwa anatumia fenelzini akapewa pethidini, dawa kali ya maumivu, hospitalini.

Dar hutakutana nazo kirahisi, na ningeweza kuliruka swali hili kama isingekuwa linezolidi. Hii ni antibiotiki wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, na pembeni inafanya kazi ya familia hiyohiyo. Mgonjwa wa TB sugu anakohoa kuliko mtu yeyote, kwa hiyo ndiye anayeshawishika zaidi kununua chupa ya DM. Asinunue bila kuwauliza wa kliniki yake. Na kama anatumia pia dawa ya sonona, waambiwe mapema.

Niliacha fluoksetini wiki iliyopita. Niko huru sasa?

Bado. Inatoka mwilini polepole mno, na hesabu ya kawaida ya tahadhari ni wiki 5. Na kama uliiacha mwenyewe kwa sababu ulijisikia nafuu, rudi ukaongee na daktari.

Dawa ya kikohozi yenye kodeini?

Inatolewa kwa cheti, na ina sababu. Kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini. Fluoksetini na paroksetini zinazuia mgeuko huo, hivyo unaweza kunywa bila nafuu ukajiongezea. Pamoja na amitriptilini au dawa za usingizi, kupumua kunaweza kupungua hadi kwa kiwango cha hatari. Wapo pia watu waliozaliwa na ini linaloigeuza haraka sana. Marekani tangu 2018 dawa za kikohozi zenye kodeini ni za watu wazima tu. Kwangu, kikohozi cha mafua hakistahili kodeini.

Dawa za kuzibua pua, zile za vidonge?

Sudoefedrini na fenilefrini zinabana mishipa ya damu na kupandisha presha. Pamoja na amitriptilini au venlafaksini zinaipandisha zaidi. Hazigombani na warfarini moja kwa moja, ila presha iliyopaa kwa mtu ambaye damu yake haigandi upesi ni njia ya kwenda kwenye kiharusi cha kuvuja damu.

Natumia zote mbili, warfarini na sertralini. Mbona hospitali hawakunikataza?

Kwa sababu mara nyingi faida inazidi hatari, na walioandika walijua wanachofuatilia. Chembe sahani zinahitaji serotonini ili zishikane vizuri, na dawa za sonona za familia ya fluoksetini zinazinyima. Kwa hiyo sertralini peke yake inaongeza kidogo uvujaji wa damu, na fluoksetini inaweza kupandisha INR juu ya hapo. Umeshabeba mizigo miwili. Kidonge cha mafua chenye aspirini ni wa tatu, na huo haukuwemo kwenye hesabu ya daktari.

Kikohozi changu kina miezi na hakuna dawa inayokisikia.

Acha kubadilisha chupa. Kama unatumia dawa ya presha ya jamii ya enalapril, kaptopril au lisinopril, kikohozi kikavu cha kukereketa ni tabia yake inayofahamika, na kinaisha daktari akikubadilishia dawa. Usiiache mwenyewe. Mgonjwa wa moyo anayekohoa zaidi akilala, na miguu imevimba, anahitaji kliniki. Na kikohozi kilichofika wiki mbili kinapimwa TB. Kwenye vituo vya serikali kipimo cha makohozi na matibabu ni bure, Temeke, Amana, Mwananyamala, kokote.

Naona aibu kutaja dawa ya sonona mbele ya foleni.

Nakuelewa. Dirisha la duka la Manzese saa moja jioni si mahali pa siri, na nyuma yako amesimama mama mwenye nyumba. Usitaje. Mwonyeshe muuzaji boksi au picha kwenye simu, useme "natumia na hii". Au andika majina ya dawa zako zote kwenye kikaratasi ukimpe. Muuzaji anayesoma kwa sauti ili foleni isikie amekosa adabu ya kazi, nawe una haki ya kwenda famasi nyingine. Akikuuliza "ya nini hii?" hulazimiki kumjibu, jina la dawa linamtosha.

Duka la dawa muhimu au famasi?

Kwa mtu asiye na dawa nyingine, duka la dawa muhimu la mtaani linatosha. Kwa wewe unayetumia warfarini au dawa ya sonona, tembea hadi famasi, uliza kama mfamasia yupo, na kama hayupo uliza atarudi saa ngapi. Usinunue dawa ya maji kwenye daladala wala kwa mtu wa begi, hata iwe rahisi vipi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za maji za watoto zilizochafuliwa ambazo zilikutwa nchini Gambia, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 60. Dawa iliyosajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kwenye chupa iliyofungwa, ndiyo unayoweza kuifuatilia ikikuletea matatizo.

Nimeshakunywa tayari, ndiyo nasoma hapa. Nifanye nini?

Tulia, soma viungo vya ulichokunywa. Kama ni kijiko kimoja au kidonge kimoja na hujisikii tofauti, usirudie, mpigie au mfuate mfamasia umweleze ulikunywa nini na saa ngapi. Usiiruke dozi yako ya warfarini wala ya sonona "ili kusawazisha".

Nenda hospitali bila kusubiri kupambazuke ukiona mojawapo ya haya: kutapika au kukohoa damu, choo cheusi au chenye damu, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata, kichwa kuuma ghafla kwa namna usiyoijua, upande mmoja wa mwili kulegea, au zile dalili za serotonini nilizotaja juu, hasa homa pamoja na misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Beba chupa ya kikohozi, maboksi ya dawa zako zote na daftari la INR kama unalo, na mtu wa kukusindikiza, maana bodaboda peke yako ukiwa na kizunguzungu sikushauri.